Kitabu cha Gharika Kilichoanikwa Juani

Chumba changu siku hizo kilikuwa Kibokoni, ghorofa ya juu, katika nyumba ya mawe ya mama mmoja mjane. Yeye alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Mombasa hata wenyewe wamesahau ulifika lini. Mimi Mkristo, mwana wa watu waliofunguliwa utumwani, nimezaliwa Kisauni, ng'ambo ya maji, kazi yangu kupima mizigo stesheni. Sijui kwa nini alinikubali niwe mpangaji wake. Pengine ni kwa kuwa sikunywa. Pengine ni kwa kuwa alinikuta nimeinamia kitabu, na kwake yeye mtu mwenye kitabu hukaribishwa ndani kwanza, maswali baadaye. Sitaki kumsemea.

Kitabu chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha bibi wa Kizungu aliyepiga kinanda kanisani kwetu, mjane naye, mwembamba, macho yake yameanza kupatwa na ukungu. Alikiagiza Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja tu, mrefu wa saa mbili na zaidi, kisa cha gharika, uliotungwa na mtu aliyekufa zamani sana, hata babu zetu hawajazaliwa. Mimi shule yangu ilikuwa fupi, nikieleza vibaya nisamehewe. Alivyonieleza bibi ni kwamba mtunzi aliacha karatasi za mkono wake, na waandishi wake wakanakili, na katika kunakili wakakosea, na wengine wakaongeza ya kwao. Basi wataalamu wamekaa miaka wakilinganisha nakala zote, noti kwa noti. Juu ya ukurasa wameweka wanayoyaamini. Chini, kwa maandishi madogo, wameweka waliyoyakataa na sababu ya kuyakataa.

Jambo hilo lilinipendeza kuliko nyimbo zenyewe. Kumkataa mtu na bado ukamwachia nafasi chini ya ukurasa aseme neno lake, mimi sikuwa nimeliona kwingine.

Kazi yangu ilikuwa kuzitoa noti za mistari na kuziandika kwa herufi za do-re-mi, ambazo ndizo kwaya yetu ilijua kusoma. Rafiki yangu wa sauti ya tatu, mtu wa forodhani, alinisaidia siku moja, naye akanakili na maandishi ya chini pia, akidhani wimbo unaendelea. Jumamosi ile ya mazoezi sauti ya tatu waliimba mstari, kisha wakauimba tena kwa namna iliyokataliwa, na sisi wengine tumekwisha nyamaza. Bibi alicheka hata akashika kinanda.

"Nyinyi mmemaliza gharika," rafiki yangu akatuambia, "sisi bado twaogelea."

Lakini kilichokifanya kitabu kile kisiwe na badala yake hakikuwa chapa. Chapa ingeagizwa nyingine. Chini ya kila mstari wa Kijerumani bibi alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya Kiswahili, yanayokaa sawasawa na noti, yasiyovunja pumzi ya mwimbaji. Alianza kazi hiyo kabla sijaingia kwaya. Hakuwa na nakala ya pili, wala macho ya kuianza upya. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtolea nakala, nami sikuwa nimefika hata nusu, na hiyo niliyoitoa ilikaa sanduku moja na kitabu, chini ya kitanda changu.

Tauni ilikuwa imeingia mjini. Kila mtu alijua amri: panya akionekana amekufa nyumbani, bwana afya huja na watu wake, nyumba hupakwa chokaa, vyombo huchemshwa, magodoro huanikwa juani, na mikeka, matambara na karatasi huchomwa moto. Nyumba za makuti ziliungua nzima. Watu walimchukia bwana afya, nami sisemi walikosea, lakini pia niliwaona waliokufa Bondeni na sikuona mwingine aliyekuwa na shauri bora.

Siku ya Jumatano nilirudi kula chakula cha mchana nikamkuta mama mwenye nyumba amesimama mlangoni mwa chumba changu, buibui amelikusanya mkononi.

"Mwanangu, ndoo hapa uone," akasema. "Usikanyage."

Panya alikuwa amelala karibu na sanduku, ametoa meno. Si mkubwa. Nakumbuka niliona aibu, kama kwamba mimi ndiye niliyemleta.

"Nimekwisha mtuma mtu kwa bwana afya," mama akasema. "Usinitazame hivyo. Dada yangu alimtupa wake pwani akanyamaza, na wanawe wawili wako kaburini."

Rafiki yangu, aliyekuwa amefuatana nami tule pamoja, hakuvuka kizingiti. Akanivuta ngazini.

"Toa kitabu sasa hivi," akasema. "Hawafiki kabla ya alasiri. Kifunge kwa shuka, mpelekee bibi mwenyewe. Nani atajua?"

"Na viroboto vya panya? Ndivyo viletavyo tauni."

"Viroboto vyataka damu. Kitabu kina damu?"

"Bibi anayo."

"Bibi yule hana damu, ni mifupa na dua tu," akasema, lakini hakucheka, nami sikucheka.

Niseme kweli, nilirudi ndani nikalishika sanduku. Nililiburuta hadi katikati ya chumba. Upande mmoja nilimwona bibi akiambiwa maneno yake yamekuwa majivu. Upande mwingine nilimwona akilifungua sanduku kwa furaha, amekiinamia kitabu karibu kama alivyozoea, pua juu ya karatasi. Nikaliacha palepale, nikaenda kukaa barazani kungoja, na sijui hata leo kama ule ulikuwa uungwana au ni miguu tu iliyokataa.

Bwana afya alifika na watu wanne na ndoo za chokaa. Alikuwa Mzungu mwenye uso mwekundu, amechoka, Kiswahili chake cha kutosha amri. Mkeka wangu ukatoka. Mto ukatoka. Kisha sanduku, likafunguliwa.

"Karatasi. Moto," akasema.

"Bwana, si changu kitabu hicho."

"Hapa hakuna chako wala chake. Vyote vya tauni." Akakigeuza kwa ncha ya fimbo. "Hii Biblia?"

Nyuma yangu nilimsikia rafiki yangu akivuta pumzi. Kusema "ndiyo" tu kungetosha kukiokoa.

"Hapana, bwana. Ni nyimbo."

"Mungu wangu, mtu huyu," rafiki yangu akanong'ona.

Hapo mama mwenye nyumba akasema, bila kupandisha sauti, uso ameufunika nusu. "Bwana, magodoro yangu wayaanika. Pamba yangu yapona kwa jua, na karatasi ya mtoto huyu haiponi?"

"Godoro lina pande mbili, mama. Kitabu kina pande ngapi?"

"Anazijua yeye. Mwache azianike zote."

Bwana afya alinitazama muda. Nadhani alikuwa akipima kama ni taabu zaidi kukataa. "Kila ukurasa uone jua," akasema mwisho. "Nikikuta ukurasa mmoja umefungwa, nachoma. Na utafungua wewe. Watu wangu hawagusi." Nakala yangu ya do-re-mi hakuisamehe, iliungua barabarani pamoja na mkeka. Sikuomba zaidi. Niliogopa kuomba zaidi kungemrudisha kwenye lile la kwanza.

Hivyo siku za karantini, tulipokatazwa kutoka nyumbani, nilizikaa juu ya dari, mahali ambapo mama alianika nguo. Nilikiweka kitabu juu ya jamvi jipya, mawe madogo pembeni kwa sababu ya upepo, nikafungua ukurasa, nikangoja mpaka karatasi iwe ya moto chini ya kiganja, nikafungua mwingine. Kwanza niliimba kwa sauti ya chini kila ukurasa uliofunguka. Kisha nikaacha, maana kuimba kulinifanya nivute pumzi karibu na karatasi. Nilitazama kila mshono wa kitabu. Chembe nyeusi ikisogea, nilirudi nyuma hadi ukutani. Mara nyingi ilikuwa mchanga. Mara moja kitu kiliruka kwenye kifundo cha mkono wangu, na sitaki kusema kilikuwa kiroboto, kwa sababu sikukiona vizuri, lakini siku ile nzima nilijipapasa kwapani nikitafuta uvimbe wa tauni, hata nikapafanya pawe na maumivu, kisha nikayaogopa maumivu hayo.

Palikuwa na kurasa mbili zilizoshikana kwa unyevu. Nikizifungua zitachanika. Nikiziacha, bwana afya akizikuta, kitabu chote kimekwenda. Mama alinipandishia kisu chembamba cha kukatia maembe mabichi.

"Polepole," akasema kutoka ngazini, hakufika juu. "Wala usiinamie."

Zilifunguka. Mstari mmoja wa penseli ulitoka hapa ukabaki kule, umegeuka kinyumenyume. Bwana afya aliporudi alizipitia kurasa kwa fimbo, nyingi si zote, akasema, "Haya," akashuka.

Jumamosi ya kwanza baada ya karantini nilikipeleka kanisani nimekikumbatia, kwa kuwa kukibeba mbali na mwili kungewatisha watu. Waliogopa vilevile. Sauti ya nne, wenzangu wenyewe, wakahamia karibu na mlango. Rafiki yangu akasema, "Sisi leo tutaimba kutoka Kisauni, kitabu kibaki kisiwani," na waliocheka walicheka wakiwa mbali.

Nilimwambia bibi kila kitu: panya, viroboto, jua, mstari uliogeuka. Nilimwambia sina hakika. Alisikiliza, kisha akanyoosha mikono miwili. "Nipe," akasema.

Akakiweka juu ya kinanda, akakiinamia, pua karibu kugusa. Kurasa zilikuwa zimekauka na kukakamaa, hazikushikika vizuri. Akalamba kidole, akafungua. Akaona maneno yake, akatabasamu. Akalamba tena, akafungua tena. Nilitaka kumshika mkono. Mkono wa bibi wa Kizungu haushikwi, na maneno nilikwisha yamaliza. Akanipa ishara, maana pale sauti ya nne huanza peke yake, na wenzangu walikuwa mlangoni, nikaanza mimi.

Hakuugua. Naliandika hilo ili msomaji asikae na hofu niliyokaa nayo mimi. Lakini hakuna aliyeniambia kabla kwamba hataugua, na kwa muda mrefu, kila Jumamosi, nilifika mapema nikasimama nje chini ya dirisha, nisiingie mpaka nisikie kinanda.