Kwenda, Mia na Sitini na Moja

Mtaa wote wa mafundi wa Katwe uliijua mikono ya Kidega. Ungempelekea ekseli iliyolika asubuhi, ukavuka barabara kununua mkate, ukirudi ungeikuta imeshakerezwa na kufungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtoto wa kambi, aliyezaliwa Nsambya katika nyumba za polisi. Kiswahili alikiokota uwanjani, kati ya gwaride na foleni ya maji, kabla Kiacholi cha mama yake hakijamkaa vizuri mdomoni. Baba yake, Sajini Olweny, alikuwa na neno moja la kazi alilolirudia hata wakati wa kula: doria haiandikwi kitabuni mpaka askari arudi aripoti.

Kidega alilichukua neno hilo akaenda nalo Katwe. Juu ya mashine yake ya kukereza zilining'inia sproketi kumi na moja kuukuu, zile duara zenye meno zinazovutwa na cheni ya pikipiki, na kila moja ilikuwa imegongwa jina la mtu na tarakimu ya mwendo wake. Hao walikuwa watu wa mbio za kasi ya mwisho. Katika mbio hizo mtu hapambani na mwenzake. Hukimbia peke yake kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, na anayepambana naye ni upepo. Huenda, kisha ndani ya saa moja hurudi kwa njia ileile, na miendo miwili hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Maana upepo unaomsukuma mtu akienda humkaba akirudi, na hata barabara inayoonekana tambarare ina kimteremko ambacho jicho halikioni.

Kwa hiyo Kidega hakugonga tarakimu ya kwenda peke yake. Wengi walimsihi, hasa waliobebwa na upepo mzuri. Aliwaambia warudi kwanza.

Masinde hakuwahi kumsihi. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, muuza vipuri Nakivubo, mrefu kuliko inavyompasa mtu anayetaka kujificha nyuma ya kioo cha pikipiki. Kwa miaka sita alikuja Katwe kila Jumamosi. Alimwita Kidega afande, akampigia saluti kwa mkono wenye grisi, akauliza kama leo kuna mahabusu. Walikula pamoja katogo, ndizi zilizopikwa na maini, ya Maimunah, mama wa Kiganda aliyepika mlangoni pa karakana na ambaye ulimi wake haukuwahi kuamua kati ya la na ra.

“Mumekura?” angeuliza Maimunah.

“Kura bado, mama,” Masinde angejibu. “Tungoje uchaguzi. Leo tupe chakula.”

Maimunah angempiga kwa kitambaa cha sufuria, na kesho yake angeuliza vilevile.

Jumapili ile Masinde alikwenda kwa kilomita mia na sitini na moja kwa saa. Rekodi ya pikipiki za silinda moja ilikuwa mia na hamsini na mbili, tena ya miaka minne. Hata mzee wa kupima mwendo alivua miwani akaifuta, akasoma tena. Lakini upepo ulikuwa umempiga mgongoni, na wakati wa kurudi ungempiga kifuani. Kwa sproketi ile injini ingekosa pumzi. Ilihitajika nyingine, yenye meno mawili zaidi, nayo ni kazi ya dakika arobaini kwa fundi mzuri. Walipokwisha kubishana, zilikuwa zimebaki thelathini za ile saa moja.

Masinde alimtazama Kidega. Kidega akapiga magoti.

Alifungua gurudumu injini ikiwa bado inaunguza. Alitoa, akatia, akapima cheni kwa kidole, akakaza. Watu wakasimama kumzunguka kama wanaotazama ngoma. Alimaliza kwa dakika ishirini na sita, akainuka na kuifuta mikono kwenye suruali. Masinde alikuwa pembeni na simu sikioni, akicheka. Aliikata simu, akavaa helmeti, akapiga saluti, akaondoka.

Karibu na mwisho wa kiwanja palikuwa na pengo kwenye mikaratusi, mahali walipokata miti ya kuni. Upepo ulipitia hapo, ukampiga ubavuni. Usukani ukaanza kutikisika, ukatikisika zaidi, kama mbwa anayejikung'uta maji. Gari la wagonjwa lilipomfikia pale alipoanguka, Masinde alikuwa ameshakata roho.

Jumatatu Kidega aliifungua sproketi kutoka kwenye mabaki ya pikipiki na kuishika kwenye mwanga. Alihesabu meno. Alipima matundu ya bolti. Alitafuta ufa kwa kioo cha kukuzia, kisha kwa ukucha. Haikuwa na kosa. Angeshukuru kuliona kosa, hata dogo. Kwa kosa angejua la kufanya, angelililia na kuliombea radhi. Badala yake alikaa na kazi nzuri mkononi na zile dakika nne zilizosalia kwenye saa kichwani. Nati moja ingemteleza, angeinama kuitafuta kwenye nyasi. Saa ingekwisha, mzee wa kupima angekunja karatasi zake, na wangerudi mjini wakigombana.

Jumatano asubuhi Vera, mke wa Masinde, akaja. Kidega alimfahamu kutoka soko la Kalerwe, alikouza omena, dagaa wa ziwani ambao wateja wake waliwaita mukene, akawa anagombana nao juu ya jina na kuwaongezea kiganja cha bure. Leo alivaa leso nyeusi. Gari lenye jeneza lilikuwa limesimama barabarani, na dereva alitaka wawe mpakani Busia kabla ya saa nane.

Hakukaa alipopewa kiti. Alieleza kwa maneno machache kwamba baba mkwe amepiga simu kutoka Bungoma. Mzee amesema mwanawe amekufa kwa mchezo, na kwamba kaburini hatasema neno. Vera alitaka kibati kidogo cha kupigilia msalabani, chenye ile tarakimu, ili watu wale waone kuwa mtu wao alikuwa na kitu alichokiweza.

Kidega alitazama sproketi zake ukutani.

“Shemeji, ile ilikuwa ya kwenda tu.”

“Na yeye alikwenda tu,” alisema Vera.

Nje Maimunah alikuwa akikoroga sufuria bila kutazama sufuria. Kidega akalitoa neno alilokaa nalo siku tatu.

“Zilibaki dakika nne. Ningechelewa kidogo, asingeruhusiwa kurudi. Ni mimi niliyewahi.”

Vera alikunja pembe ya leso, akaikunjua.

“Najua,” alisema. “Ile simu alinipigia mimi. Alisema, huyu afande ana mikono ya mwizi, nimekodoa macho na sijaona alivyofanya. Alikuwa anacheka, shemeji. Nilitaka kukasirika na wewe, lakini kila nikianza nasikia kile kicheko.”

Kidega aligeuka upande wa mashine. Alichukua kipande cha shaba nyeupe, akakilaza juu ya fuawe, akatoa herufi zake za chuma na nyundo ndogo. Aligonga MASINDE. Chini yake akagonga KWENDA, kisha 161. Akasita. Chini kabisa, kwa desturi ya karatasi ya mzee wa kupima, akagonga KURUDI, na nyundo ikabaki hewani.

Vera aliinamia kile kibati, akaweka kidole mahali patupu.

“Leo ndiyo anarudi,” alisema. “Andika Bungoma.”

Ni herufi saba. Kidega alizitafuta moja moja kwenye kopo, kana kwamba hajui zilipo. Alisimamisha B, akainama kutazama kama imenyooka, akaigonga mara moja. Akapuliza vumbi. Akaitafuta U. Barabarani dereva alipiga honi, na mafundi wa jirani wakachungulia, maana hawakuwahi kumwona Kidega akifanya kazi namna ile. Maimunah aliingia na vikombe viwili vya chai.

“Umekura, afande?” aliuliza kwa sauti ndogo, akangoja, na hakuna aliyemrekebisha.

Alipoimaliza A ya mwisho, honi ililia tena. Kidega alitwaa tupa, akaanza kulainisha kingo za kibati zisije zikamkata Vera mikono njiani. Alimaliza upande wa kwanza, akaupapasa kwa kidole gumba, akaurudia.