Nilivyofungiwa na Mashine ya Matetemeko Siku ya Nikahi Yangu

Nimewahi kufungiwa mara moja tu maishani, na aliyenifungia hakuwa polisi. Ilikuwa siku ya nikahi yangu, ghalani, chini ya nyumba kongwe ya mawe, Mji wa Kale wa Mombasa. Nilifungiwa pamoja na mashine ya kupimia matetemeko, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula pilau ya harusi yangu mwenyewe.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, nami nimehitimu shule ya usiku. Elimu yangu ilitosha kusoma saa, kuandika tarakimu, na kuwasumbua majirani wote kwa kuwasomea hata maandishi ya mikebe. Idara moja ya serikali ikaniajiri niiangalie mashine ile. Ilikuwa pipa dogo lililozungushiwa karatasi iliyopakwa masizi ya taa, limekaa juu ya mwamba wenyewe, na sindano nyembamba kama unywele wa malaika ikichora mstari mweupe juu ya ule weusi. Ardhi ikitikisika, hata kule bara kwenye milima ya moto, mstari hutetemeka. Kila siku saa saba mchana nilivua karatasi ya jana, nikaichovya katika sandarusi ili masizi yagande yasifutike, kisha nikavisha mpya. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na milango miwili minene, mmoja nyuma ya mwenzake, sauti isiingie. Sauti isiyoingia, kumbe, haitoki vilevile.

Mwezi wa kwanza sindano iliruka kila asubuhi saa nne. Bwana mkubwa, Mwingereza aliyeogopa volkano kuliko alivyomwogopa mkewe, na mkewe nilimwona, alihesabu siku tisa mfululizo akaapa kwamba kisiwa kina mlima wa moto tumboni. Akanituma nichunguze. Sikwenda mbali. Nyuma ya ukuta wa ghala palikuwa na ua wa jirani, na uani watu wakitwanga ngano ya kupikia bokoboko. Nikapiga hodi, nikaeleza habari za matetemeko kwa ufasaha wangu wote. Sauti ya msichana ikanijibu nyuma ya pazia:

"Mwambie bwana wako nti haitetemeki. Ni sisi twala."

Tukapatana kwamba akimaliza kutwanga atapiga mapigo matatu ya polepole, nami niandike kitabuni: kinu. Miezi saba nikayasoma mapigo yale kama barua. Nilijua siku anayoumwa kichwa, siku aliyogombana na mamake, na siku alizonikumbuka, ambazo kwa hesabu yangu zilikuwa zote.

Nilipopeleka posa, babake alikubali shingo upande. Alikuwa na mpwa wake, karani wa ghala Shimanzi, kijana wa viatu vya kung'aa, aliyekuwa akimtaka binti tangu zamani.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "mkeka wa nikahi haukai wazi. Tukishasali alasiri, usipokuwapo wewe, mpwa wangu yupo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ikafika. Bwana mkubwa alinipa ruhusa, lakini karatasi lazima ivuliwe. Nikaona ni kazi ya dakika kumi. Nikaingia na kanzu yangu mpya. Nje niliacha kufuli likining'inia wazi, milango nikaifunga nyuma yangu kama ilivyo sheria. Nilipomaliza, mlango wa ndani ukafunguka. Wa nje ukakataa.

Nikasukuma kwa bega. Nikasukuma kwa mgongo. Nikapiga ukelele ambao ungesikika Feri na kuvuka ng'ambo ya pili, ukanirudia mwenyewe usoni. Baadaye nilijua kwamba mlinzi wetu, mzee mwaminifu mno, alipita akaona kufuli wazi, akajisemea: leo huyu ni bwana harusi, hawezi kuwa kazini, basi jana alisahau. Akafunga, akatia ufunguo kibindoni, akaenda zake kwenye sherehe.

Adhabu kubwa ilikuwa saa iliyofungwa kwenye mashine. Hapakuwa na saa ya kweli zaidi Mombasa nzima, na kila dakika iliigusa sindano kunionyesha kwamba dakika nyingine imekwenda. Saa nane. Saa nane na nusu. Taa ilikula hewa, joto likanivaa kama kanzu ya pili, nikatoka jasho la kujaza birika la msikiti. Kuta zilinisogelea, naapa zilisogea. Kisha sindano ikaanza kutikisika kidogokidogo, na nikaelewa ninachokiona. Wanawake wameanza kucheza uani. Nilikuwa nikiitazama harusi yangu mwenyewe kwa mstari mweupe, nisiweze kuifikia.

Nikakaa sakafuni, nikaulilia ule mkeka. Hapo ndipo nikawaza: ikiwa kinu chake chafika kwangu kwa njia ya mwamba, miguu yangu yashindwaje kufika kwake? Lakini kurukaruka mbele ya mashine kulikuwa kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Nilikuwa na kazi moja na mke mmoja. Nikaruka.

Mara moja. Nikangoja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Sindano ilichora milima ambayo bara haijapata kuwa nayo. Nikarudia, na kurudia, mpaka nyayo zikawaka moto. Saa tisa na dakika ishirini na moja, mtikisiko wa ngoma ukafa ghafla. Mstari ukanyooka. Halafu, polepole: moja, mbili, tatu.

Naye bibi harusi alikuwa kifungoni, ametawishwa chumbani, hina miguuni, haruhusiwi kuonekana na mtu. Alinisikia kwa kuwa alikaa chini sakafuni, akayatambua mapigo yetu, na akamtuma uani somo wake, yule mama aliyekuwa akimfunda mambo ya ndoa, asimamishe ngoma, ampigie kinu. Kisha somo akajitanda buibui, akaenda barazani kwa wanaume, akamsimamia mlinzi aliyekuwa na mkono sahanini.

"Mzee, ufunguo wa ghala u wapi?"

"Kibindoni, mama. Niko macho mimi!"

"Macho gani? Umemfungia bwana harusi kama dumu la mafuta ya taa, nawe wala pilau yake!"

Mlango ulipofunguka sikumsalimu mzee wa watu. Nilikimbia. Msikitini wameshasali, na yule wa viatu vya kung'aa ameshavivua, goti lake moja liko juu ya mkeka.

"Sogea, ndugu yangu," nikamwambia, nikihema.

Baba mtu alinitazama toka kofia hadi kucha. "Una nini usoni?"

"Kazi, ami."

Akanipa mkono kama ilivyo desturi, kadhi akasoma, nikasema nimekubali kabla hajamaliza, nikaambiwa nirudie. Tulipoachana mikono, mkwe wangu alijifuta kanzuni bila kutazama. Vikabaki vidole vitano vyeusi juu ya nguo nyeupe kama maziwa.

"Hii," akasema, "utaifua wewe."

Niliifua mara tatu. Masizi hayakutoka, maana mkononi mwangu mlikuwa bado na sandarusi.