Taa ya Mwani

Fundi wa samaki huingia kliniki yetu ya meno akinusanusa, kama kuna uvundo. Nikimsalimu kutoka mapokezi haitikii mpaka apige magoti, afungue kabati chini ya tangi la samaki wa mapambo la maji ya chumvi na kuiona taa isiyozimwa usiku wala mchana. Humo mna tangi dogo la mwani unaosafisha maji ya samaki wa juu. Angeweza kuchagua ule uliojisokota kama uzi wa nyavu, usio na makuu. Akapenda huu wenye majani kama manyoya, kwa uzuri wake tu. Huu ukikosa mwanga huweza kugeuka mweupe, ukamwaga majini kila ulichonacho, na samaki wote wakafa, uvundo ukafika hadi mlangoni. "Nilijitakia mwenyewe, dada," huniambia, akiugusa kwa ncha ya kidole kama anayempima mtoto homa.

Jumanne umeme ulikatika saa nane mchana, naye yupo. Aliwasha tochi ya simu akaiinua juu ya mwani, akiyahesabu majani kwa sauti, na wagonjwa waliokuwa wakiogopa koleo la daktari wakaanza kumwogopa yeye. Simu ilipoisha chaji, alinyoosha mkono bila kugeuka. "Yako, dada. Tafadhali." Nikapiga magoti kando yake, nikamulika mwenyewe. Jani moja lilikuwa limepauka pembeni.

"Jana lilikuwa hivi?" akanong'ona.

Sikujua. Umeme ulirudi, samaki wakaendelea kuogelea. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijatia ufunguo mlangoni, nami hunusa.