Ng'ombe Aliyebakizwa

Asubuhi niliyoondoka Itaka sikuwa na safari yoyote. Nilikwenda kuchota maji, nikakuta ukungu umelala juu ya mibuni hata barabara haionekani, nikataka kujua inaanzia wapi kuonekana. Ndoo niliiacha kisimani. Shule ya misheni nilikuwa nimekwisha kuitoroka, siku nilipoona kwamba kusoma nimejua na kilichobaki ni kulima shamba la mwalimu. Nilikuwa na miguu mizuri na mambo mengi ya kuuliza.

Ukungu ulipokatika nilikuta lori limezama kwenye tope na wanaume wanalisukuma. Wawili tu walikaa mbele, wamekauka, wanatazama njia. Nikatia bega. Jirani yangu wa kusukuma, mtu mpana mwenye jicho la kushoto lililofifia kama kioo cha taa kilichoshika moshi, akaniuliza, "Unajua unasukuma nini?"

"Sijui."

"Basi panda. Sisi sote humu ndivyo tulivyoanza."

Lilikuwa lori la ngumi. Wale wawili wa mbele mmoja alikuwa promota, mtu wa kuja, aliyewahi kuwa karani kwenye migodi ya shaba kusini, akaona jinsi wachimbaji wanavyotoa shilingi zao siku ya Jumamosi ili watazame watu wakipigana. Wa pili alikuwa bingwa. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, na ngumi alijifunza huko huko migodini. Alivaa kofia ya manyoya na baiskeli yake ilisafiri imefungwa juu ya mizigo, imefunikwa blanketi, wakati sisi tulilala bila blanketi.

Nami nikawa mpigaji. Kazi yangu ilikuwa kupigana mwanzo, jua likiwa kali, na mtu yeyote wa kijiji aliyejiona ana kifua, ili watu wapate kelele wakimsubiri bingwa. Malipo yetu yalikuwa ugali, dawa ya vidonda, na senti za tumbaku. Nusu ya viingilio ilikuwa ya bingwa. Nusu nyingine promota aliitia kwenye mkoba na kusema ni petroli.

Siku moja nilimuuliza sababu. Hakukasirika, alikuwa mtu wa kueleza.

"Wewe ukipigana peke yako, nani atatoka Ndalambo kwa miguu kuja kukuona?"

"Hakuna."

"Na yeye akipigana na gogo?"

Hata mimi ningelipa nimwone akipigana na gogo. Alikuwa na namna ya kusogea ambayo ilikufanya usahau njaa. Hilo ndilo lililonikera, kwamba hesabu ile ilikuwa mbaya na sikuona mahali ilipokosewa. Kila tulipofika, vijana waliizunguka ile baiskeli na kuigusa usukani, na jioni wawili au watatu waliomba kuchukuliwa. Kila mmoja alijiona juu ya baiskeli. Waliovunjika meno nyuma yake hawakuonekana, maana tulikuwa tunapakia mizigo.

Yule mwenye jicho bovu, aliyenikaribisha siku ya tope, alikuwa mtu wa Ndalambo, na dada yake ameolewa na bingwa. Walikuwa walamu, shemeji kwa shemeji, na njia nzima ilikuwa utani wao.

"Mlamu, ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Amekwenda Kongo kutafuta kazi."

"Akirudi aje na suruali. Hiyo uliyovaa ni ya dada yangu."

Lori lote lilicheka. Promota peke yake aligeuza shingo. "Ng'ombe gani huyo?"

Tukamweleza. Kwetu mahari haimalizwi. Wakwe wenye busara hubakiza ng'ombe mmoja asilipwe, wala hawamtaji ila kwa utani, kwa kuwa ng'ombe huyo ndiye kamba. Madhali yuko kwako, wewe ni mkwe, una sababu ya kuja na wao wana sababu ya kukuita. Anayelipa mpaka mwisho amefunga mlango. Promota alisikiliza sana, kisha akauliza tena, polepole, "Kwa hiyo hajamaliza kulipa?"

Tulikuwa tukielekea Tunduma, na Tunduma lilikuwa pambano kubwa la mwaka. Wanaume wa kwenda na kurudi migodini walipita pale kwa makundi, wale wa kurudi wakiwa na fedha. Tulifika siku kadhaa kabla, na promota akasimama juu ya lori na parapanda ya bati ya kupazia sauti, akatangaza mbele ya maduka ya Wahindi na pale watu waliposubiri kuvuka. Alisema bingwa amekula mahari. Alisema kaka wa mke amekuja kudai ng'ombe wake kwa mikono, na atakayeanguka amekubali kwamba haki si yake.

Mtu wa Ndalambo alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo promota akamwita kando, akamtajia malipo ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuyasikia. Akakubali.

"Na jicho?" nilimuuliza. Mganga wa zahanati ya Mbozi alikuwa amekwisha kumwambia: likipigwa tena, ndiyo basi, na la pili linaweza kulifuata.

"Ni mara ya mwisho," alisema. "Tena napigwa na mlamu wangu, sipigwi na mtu baki. Nenda ukamwambie asiliguse."

"Si umwambie mwenyewe? Mnakaa lori moja."

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyelelewa. Walamu hutaniana juu ya kila kitu, lakini jambo la kweli halipiti kinywa kwa kinywa baina yao. Linahitaji mshenga. Kwa hiyo nikaenda, hatua chache tu, nikachuchumaa mbele ya bingwa kama inavyotakiwa na kusema nimetumwa. Akavua kofia.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie nami namwomba. Aanguke mapema. Nikimpa ya tumboni, alale, asiinuke. Akisimama siwezi kupiga kwa huruma. Wale wa migodini wanaijua huruma wakiiona, na wakiiona kwangu, mwakani watalipa kumwona mwingine. Sina kazi nyingine mimi. Nimezeeka kuliko wanavyofikiri."

Nikapeleka maneno yote kama yalivyo. Mtu wa Ndalambo akaitikia, "Vizuri. Nitalala kama mtoto." Tukala mihogo.

Siku ya pambano wakaja watu wa kwao Ndalambo. Parapanda ya bati ilikuwa imesikika mbali kuliko tulivyodhani, wasafiri walikuwa wamezifikisha habari zake mpaka huko. Waliingia uwanjani wamejaa vumbi, na mbele yao baba yake, mzee mrefu aliyevaa koti la kijeshi. Hakulipa kiingilio. Alimwambia mtu wa mlangoni, "Mimi ndiye mwenye ng'ombe," akapita.

Mtu wa Ndalambo alimwona, mkono wake ukasimama katikati ya kufunga kitambaa cha ngumi.

"Kwa nini amekuja?"

"Amesikia tumemdai mkwe hadharani," nikasema. "Mweleze ni maneno ya promota."

"Uwanja mzima umekwisha kuyasikia. Nikianguka sasa, nimemwangusha yeye. Watasema watu wa Ndalambo wametupa binti yao bure." Akamaliza kufunga. "Siwezi tena kulala."

Nilimkimbilia bingwa. Alikuwa tayari kwenye ulingo, watu wa migodini wanamshangilia kwa salamu ya kwao, "Mulishani, bingwa! Mlipe ng'ombe wake!" Hakunisikia, au alinisikia.

Ile ya tumboni ilikuja mapema, kama alivyoahidi. Mtu wa Ndalambo alikunjika mpaka goti likagusa udongo, nami nikasema moyoni, kaa hapo, kaa hapo. Akainuka. Bingwa akampa nyingine ya tumboni. Akainuka. Watu wakaanza kupiga miluzi, na mmoja karibu nami akapaza sauti, "Wanabembelezana! Turudishieni fedha zetu!" Promota alisimama pembeni ya kamba, mkoba kifuani, akamtazama bingwa tu.

Sitaeleza iliyofuata. Ngumi ilikwenda kushoto, na ikaenda tena kushoto. Alianguka mwishowe kwa sababu hakujua tena ulingo uko wapi. Watu waliondoka wameridhika sana.

Promota alimlipa yote aliyomwahidi, hilo siwezi kumnyima. Asubuhi yake alikuwa amekwisha kuchukua kijana mwingine, wa Tunduma, aliyeshinda kutwa akiigusa ile baiskeli.

Bingwa alinikuta nikimlisha mlamu wake uji. Alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo ng'ombe jike mwekundu, mzuri, mwenye mimba. Hakuzungumza na mlamu wake, alizungumza na mimi, kwa kuwa bado nilikuwa mshenga.

"Mpeleke kwa mkwe. Mwambie ni yule aliyebaki."

Mtu wa Ndalambo, macho yote mawili yamefungwa kitambaa, alinyoosha mkono akapapasa shingo ya ng'ombe. Alijua kilicholetwa. Sikumsikia akitania tena.

Tulikwenda polepole, mkono mmoja namvuta ng'ombe, bega la pili ameshika yeye. Mzee alikuwa ametangulia na watu wake. Tulipofika Ndalambo alikuwa uani, bado na koti lake. Alimtazama mwanawe kwanza, akamfungua kitambaa, akakirudisha taratibu. Jicho la kulia lilikuwa linaona mwanga. La kushoto lilikuwa limekufa.

Kisha akamtazama ng'ombe.

"Huyu ni wa nini?"

"Ni yule aliyebaki, baba," nikasema.

Mama wa nyumba, aliyekuwa mlangoni na ungo, aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo hatatuletea tena binti yetu," alisema.

Mzee hakuipokea kamba. Ilibaki mkononi mwangu mpaka jua likaingia nyuma ya miti, na ng'ombe akachoka, akalala miguuni mwangu. Ndipo akaja, akaichukua na kumfunga nje ya zizi, kwenye kigingi, mbali na wenzake.

"Hapo hajapokelewa wala hajakataliwa," alisema. "Na wewe uliyemleta huwezi kuondoka mpaka jambo hili liwe na jina. Kuna chumba pale nyuma ya ghala. Kinavuja upande mmoja. Lala upande wa pili."