Hupigwi Picha na Leso

Juzi mvua ilinikimbiza ndani ya jumba la sanaa katikati ya Birmingham, nikamkuta mwanamke wa Kifaransa akimchana binti yake nywele. Picha ya zamani, ya wale wachoraji waliopaka rangi kwa haraka ili mwanga usiwatoroke. Mama yule yuko na gauni la nyumbani, kitanda hakijatandikwa, na hakuna aliyemwambia akabadilishe nguo. Nilimwonea wivu, rafiki yangu, sikufichi.

Sisi tulikaa Newtown, mtaa wa hapo hapo Birmingham, ghorofani. Mama alikuwa nesi wa zamu za usiku, kwa hivyo wiki nzima nilimjua kwa mlio wa funguo mlangoni. Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu. Alijifunga leso kifuani, akanibana katikati ya magoti na kunisuka, huku maharagwe yakitokota jikoni. Jirani yetu, Msomali aliyekulia Mombasa, alileta mahamri na umbea. "Mvumilivu hula mbivu," Mama aliniambia nikitikisika, ila mimi nilichokula ni kitana cha begani. Nywele zilizong'oka hazikutupwa ovyo, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Alizichoma kwenye sufuria kuukuu, king'ora cha moshi kikalia, na jirani akakipungia mtandio wake huku akicheka.

Kamera ilikuwepo. Lakini kwetu hupigwi picha na leso. Picha zilitumwa kwa ndugu zetu Machakos, na huko wasije wakasema tulienda Ulaya kuteseka. Ndiyo maana albamu yetu ni kofia na suti za kanisani tupu. Humo Mama hasuki, hapiki, wala hacheki.

Sasa amestaafu, na mwezi ujao anarudi nyumbani kabisa. Kutoka kwenye jumba lile nilienda kwake moja kwa moja, nikamkuta na leso yake, anachambua maharagwe.

"Mama, kaa hivyo hivyo. Nikupige picha moja tu."

"Hivi nilivyo? Are you serious? Watu waone nini?"

"Ni yangu peke yangu, Mama. Siitumi popote."

Aliyaacha maharagwe, akaingia chumbani. Alitoka na suti, kofia na lipstiki, akaketi wima, mikono juu ya mapaja.

"Haya, piga."

Nikapiga. Ametoka vizuri, akaituma mwenyewe, na Machakos wote wameisifu. Lakini mwanamke aliyenilea anaondoka mwezi ujao, nami sina picha yake.