Walinipisha mbele, kisha wakanirudisha nyuma

Leo vijana walinipisha kwenye foleni, kisha wakanirudisha nyuma.

Ilikuwa chuo kikuu, kwenye dirisha la kuandikisha wanafunzi wapya wa sheria. Waliponiona na fimbo, walinipeleka mbele kwa heshima, kama tulivyozoea.

Karani akauliza: "Muzee, mutoto mwenye anaandikishwa iko wapi?"

"Ni mimi."

Binti mmoja nyuma yangu akasema: "Ee, papa, kama we ni mwanafunzi, fuata mustari kama sisi."

Wakacheka. Mimi pia. Nikarudi mwisho kabisa, juani.

Nakiri kwenu, wanangu, kabla sijafa, maana daktari ameshasema moyo umechoka. Nilikuwa mkuu wa shule, na hadi leo wakuu wenzangu hunijia nyumbani Nyakabiga kuuliza kama sheria inawaruhusu kumfukuza msichana mjamzito. Nami hujibu kwa kubahatisha. Sitaki kufa nikiwa bado nabahatisha.

Sikuomba kiti. Zamu yangu ilipofika, karani alipokea diploma yangu, akagonga muhuri.

Wanangu, najua mtapinga. Masomo yanaanza Jumatatu.

Nani atanipeleka?