Nilivyomsomea Nafula

Gundi ya unga wa ngano ikikaa siku mbili huanza kunuka kama uji uliochacha, na hiyo ndiyo harufu ya darasa letu la tatu pale Mutuini, pembezoni mwa jiji, mwaka wa 2003. Mwalimu Nyambura aliipika mwenyewe kwa jiko la makaa nyumbani kwake, akaja nayo asubuhi katika mkebe, matope mekundu ya Julai yakiwa yamempanda hadi magotini. Kwa gundi hiyo alibandika vipande vya karatasi juu ya katoni za sabuni, na juu ya karatasi akaandika silabi kwa kalamu ya wino mzito: ba, be, bi, bo, bu. Alipojaribu kuzibandika kadi hizo ukutani zilianguka, maana wakati wa baridi mabati hutoa jasho na gundi haishiki. Basi akafunga kamba za katani kutoka dirisha hadi dirisha, akazianika kadi kwa vibanio vya nguo, nasi tukasoma chini ya silabi zilizoning'inia kama soksi za watoto wachanga.

Mwaka huo serikali ilikuwa imetangaza kwamba watoto watasoma shule ya msingi bila karo, na waliokuwa wamekaa nyumbani wakaja wote ndani ya wiki moja. Darasa letu lilipita watoto mia. Tulikaa watano kwenye dawati la watatu, na waliokosa dawati walikaa juu ya magunia yaliyokunjwa. Vitabu vipya vililetwa vikiwa ndani ya katoni, tukavipigia makofi vikishushwa kwenye gari, kisha mwalimu mkuu akavifungia stoo. "Vikiraruka au vikipotea, mimi ndiye nitaulizwa," alituambia kwenye gwaride la wanafunzi. Kwa hiyo tuliendelea na vile vikuukuu, kitabu kimoja kwa watoto watano, na aliyekaa pembeni kabisa alisoma kwa masikio.

Kusoma kwa masikio ndiko kulikomkosesha Mwalimu Nyambura raha. Mwalimu aliyemtangulia alizoea kuandika habari nzima ubaoni, kuigusa kwa fimbo neno baada ya neno, na darasa likaitikia kwa pamoja kama kwaya. Yeye alisema katika kwaya hujui nani anaimba na nani anafungua mdomo tu. Alitaka kumsikia kila mtoto peke yake. Lakini watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja na kipindi cha dakika thelathini havipatani, kwa hiyo akabuni njia: kila anayejua kusoma apewe asiyejua, wakae pamoja, wasomeshane kwa kadi. Karatasi za kadi alizitoa River Road, katikati ya jiji, kwenye maduka ya uchapishaji, ambako mabaki ya karatasi hutupwa kando ya mashine. Jumamosi moja alinichukua mimi na msichana niliyepewa nimsomeshe, tukamsaidie kubeba. Nakumbuka mlio wa mashine za kukata karatasi na harufu ya wino, na jinsi wachapishaji walivyomcheka mwalimu mzima akiokota mabaki sakafuni. "Madam, unaenda kuwasha moto?" mmoja aliuliza. "Ndiyo," akajibu bila kuinua kichwa, "wa kuwaka vichwani."

Msichana huyo aliitwa Nafula. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa nyumba iliyokaa Mutuini tangu enzi za babu yangu, na nilijua kusoma kwa sababu mama alinifunza mapema kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Yeye alikuwa na kumi na mitatu. Alikuwa ametoka Bungoma baada ya mama yake kufariki, akaja kukaa na shangazi yake katika nyumba za kupanga zilizojengwa karibu na shamba letu la napia, majani ya ng'ombe. Alikuwa mrefu kuliko mwalimu. Akikaa kwenye dawati magoti yake yaligonga mbao, na akisimama watoto wa nyuma walipiga kelele kwamba hawaoni ubao. Alicheka sana, alinibebea mkoba njia nzima, na siku ambayo wavulana wa darasa la sita walininyang'anya mandazi aliyarudisha yote isipokuwa moja, ambalo kijana mmoja alikuwa ameshalimeza. Kwangu mimi, kifungua mimba niliyetamani kuwa na dada mkubwa, Nafula alikuwa zawadi.

Wiki tatu za kwanza niliamini kwamba mimi ni mwalimu hodari. Nilimsomea habari mara moja, naye akairudia bila kukosea, kidole chake kikitembea chini ya mistari. Kisha siku moja tukafika kwenye habari ya kuku aliyetaga ndani ya kofia ya mgeni. Tulikuwa tumeisoma jana yake katika kitabu cha dawati la mbele. Siku hiyo tulipewa kitabu kingine, ambacho ukurasa wake ulikuwa umechanika chini. Nafula akasoma vizuri mpaka kidole kikafika mwisho wa karatasi, kikateremka juu ya mbao tupu za dawati, na mdomo ukaendelea: "Mgeni akavaa kofia yake, yai likampasukia usoni." Nilitazama. Hapakuwa na mstari huo. Ulikuwa umeng'oka pamoja na kipande cha karatasi, na Nafula alikuwa ameusoma mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nilichukua kadi moja kutoka kwenye kamba ya juu yetu, nikamwonyesha. Ilikuwa "me". Akanitazama machoni, akisubiri nianze.

"Nafula, hii ni nini?"

"Wewe sema kwanza."

"Hujui?"

Akageuka kuona kama kuna anayesikia. Kelele za darasa zilitosha kuficha lolote. "Njeri, usimwambie mwalimu," akasema. "Akijua hivi, atanirudisha darasa la kwanza. Na miguu hii yote? Nikae na watoto wa kunyonya?" Alijaribu kucheka, akashindwa. "Shangazi alisema kama sishiki kitu shuleni, mwezi wa nane ananipeleka Westlands nikafanye kazi ya nyumba. Ameshapata mtu anataka msichana. Si unisaidie tu? Wewe nisomee, mimi nitashika. Mimi hushika."

Kweli alishika. Sijawahi tena kuona kumbukumbu ya aina ile. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mwalimu alikuwa ameuandika msemo huo kwa herufi kubwa juu ya ubao ili tusione haya kuuliza. Lakini mtoto wa miaka tisa akiombwa siri na mtu anayempenda haoni methali. Ningeweza kuziteremsha zile kadi, tukaanza na "ma" na "me" kila mapumziko, polepole, kama mwalimu alivyotufundisha. Tulijaribu siku mbili. Nafula alichoka haraka, akaona haya wadogo walipopita na kumcheka, nami nikataka kwenda kuruka kamba. Kumsomea kulikuwa rahisi zaidi. Kulichukua dakika tano.

Mtihani wa kusoma ulipofika, Mwalimu Nyambura alituita wawili wawili mezani pake. Alifungua kitabu, akamwelekeza Nafula ukurasa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, karibu na sikio, mkono wangu umefunika mdomo kana kwamba nina kikohozi. Nilimnong'onezea maneno matatu ya kwanza. Yalimtosha; akaijua habari, akaimaliza yote. Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyokwaruzwa na vumbi la chaki, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Siku hiyo alimshika Nafula mikono yote miwili. "Wanasema hapa shuleni ninacheza na makaratasi," akasema. "Wewe umenijibia." Kisha akanigeukia: "Na wewe, Njeri, Mungu akubariki." Nilikwenda nyumbani nimevimba kwa furaha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki moja kabla ya kufunga shule alikuja mgeni kutoka ofisi ya elimu. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani, akazunguka chini ya kamba akizigusa kadi moja moja, akitikisa kichwa kwa namna ya kupendezwa. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mgeni akauliza kama njia hii imemsaidia mtoto yeyote, na Mwalimu Nyambura, uso ukimeremeta, akaita: "Nafula, kuja hapa mbele." Mwalimu mkuu alikuwa amefungua stoo kwa ajili ya ziara hiyo, na kila dawati lilikuwa na kitabu kipya ambacho hatujawahi kukigusa. Mgeni akafungua kimoja katikati, akampa. Mimi nilikuwa dawati la tano. Toka pale hadi mbele palikuwa na watoto thelathini na ushei, na hakuna mnong'ono unaoweza kuvuka umbali huo.

Nafula alikishika kitabu kwa mikono miwili. Akanitafuta kwa macho. Watoto waliona anakotazama, nao wakanigeukia. "Anza tu, msichana wangu," mgeni akasema, "hata neno moja." Nilisikia ng'ombe wa jirani akilia, nikasikia kadi zikigongana kwenye kamba kwa upepo wa dirishani. Mwishowe Nafula akafungua mdomo, akasema kwa sauti safi, bila kusita, habari ya kuku na kofia, kutoka mwanzo. Alifika kwenye sentensi ya tatu kabla ya darasa kuanza kucheka. Mgeni hakucheka. Alikichukua kitabu taratibu, akasema "Asante, kaa chini," na hakuuliza swali lingine.

Mwalimu Nyambura alinijia wakati wa mapumziko nikiwa peke yangu nyuma ya choo. Nilidhani atanichapa. Alichuchumaa, akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akachora herufi kwa kijiti kwenye udongo, akazifuta. "Ungeniambia mwezi wa sita," akasema, "ningekuwa na wiki saba na yeye." Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alijua hesabu ya wiki kuliko mtu yeyote. Alasiri hiyo mwalimu mkuu aliagiza kamba ziteremshwe, darasa lirudi kwenye ubao na fimbo kama madarasa mengine. Kadi zilipelekwa jikoni kwa mpishi wa walimu. Katoni yenye gundi huwaka vizuri. Muhula wa tatu Mwalimu Nyambura alihamishiwa shule nyingine, sikuwahi kuambiwa ni ipi, na tukarudi kuimba habari kwa pamoja, sauti zaidi ya mia.

Nafula hakurudi mwezi wa tisa. Nilipokwenda kwa shangazi yake nilimkuta akifua nguo. "Ameshaenda kazi," akaniambia, "huko Westlands, kwa watu wazuri." Nikauliza kama atarudi shule mwaka ujao. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto anayeuliza mvua inakaa wapi. "Mama, shule imemkataa," akasema. Sikumwambia kwamba si shule peke yake iliyomkosea.

Siku hizi mimi mwenyewe hufanya kazi Westlands, katika ofisi ya ghorofa ya nane, ambako kazi yangu ni kusoma. Nasoma mikataba na barua kutwa nzima, na nalipwa kwa hilo. Mwaka jana nilimwona mwanamke mrefu akingoja nje ya jengo letu na ndoo ya kusafishia vioo. Nilimjua kwa kimo kabla ya kumjua kwa uso. Alinikumbatia mpaka sabuni ikanilowesha blauzi. Ana watoto wawili, wote wako shuleni, anakaa Kangemi. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo miaka mingi, nikaanza, lakini yeye akanikatiza kwa kicheko kilekile.

"Njeri, wewe ndiye ulikuwa unanisaidia," akasema. "Hakuna mtu mwingine shule hiyo alinisaidia. Mimi huwaambia watoto wangu kuhusu wewe."

Nilimwambia kwamba kuna madarasa ya watu wazima, kwamba ningeweza kumtafutia. Akatikisa kichwa kwa upole, akisema anatoka kazini saa moja jioni na kichwa kimeshakuwa kigumu. Huko nyuma tulikosa vitabu. Leo shule yetu ya Mutuini imejengwa kwa mawe, vitabu vinatosha, na nimeambiwa kuta zina picha za rangi zilizochapishwa kiwandani. Nafurahi kwa ajili ya watoto hao. Lakini mtu mmoja hufika umri wa miaka kumi na mitatu mara moja tu, na yale majengo ya mawe yalijengwa Nafula ameshapita.

Kabla hatujaachana aliniomba namba ya simu. Nilichukua simu yake, nikaandika namba, nikaanza kuandika na jina langu. Akaniwekea kidole juu ya kioo.

"Hapana, wacha jina," akasema. "Simama hapo kwa mwangaza nikupige picha. Ndio nikujue ukipiga."